Ukilipwa mabaya kwa wema: niliyojifunza mwaloni Kibirizi

Dada aliyenilipa mabaya nilimpokea mwenyewe. Alitoka kijijini na begi moja, akalala kwangu Mwanga, mjini Kigoma, karibu mwaka mzima. Nikamfundisha biashara ya dagaa hapa Kibirizi, mwalo wa boti za uvuvi Ziwa Tanganyika: kuwahi alfajiri boti zinaporudi, kuweka akiba kabla ya mbalamwezi maana siku hizo wavuvi hawatoki na bei hupanda, kuanika kwenye chanja badala ya chini ili mteja asitafune mchanga. Gunia lake la kwanza nilinunua mimi.

Baadaye wateja wangu wa Tabora wakaacha kupokea simu. Mmoja ndiye aliyenieleza: yule dada amewaambia kwamba nachanganya mchanga kwenye magunia ili uzito uongezeke. Wakahamia kwake.

Sikulala. Nilizijua siri zake za nyumbani, alizonieleza huku akilia, nikaamua kuzitoa zote mwaloni, watu wakiwa wamejaa. Asubuhi hiyo nilimpitia mama mmoja tunayeimba naye kwaya. Nilitegemea pole. Akafungua 1 Samweli 25, akaniambia nisome kwa sauti.

Daudi alikuwa amewalinda wachungaji wa Nabali kule nyikani. Alipotuma vijana kuomba chakula, Nabali aliwatukana. Daudi akajifunga upanga, akashuka na watu 400, akilalamika kwamba amelipwa mabaya badala ya mema. Hapo nilishindwa kuendelea kusoma, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeyasema mwenyewe usiku kucha. Abigaili, mke wa Nabali, akamkuta njiani na mikate, divai na kondoo. Hakumtetea mumewe, alikiri wazi kwamba ni mpumbavu. Alichomwomba Daudi ni asijilipizie kisasi, isije damu hiyo ikamsumbua moyoni baadaye. Daudi akageuza.

Mama yule akaniuliza, "Mwanangu, ukishazimwaga hizo siri, nani atakuja tena kulia kwako?"

Siri zile ninazo mpaka leo.

Lakini uongo sikuunyamazia, na hapa naona Wakristo wengi tunaumizana kwa kuambiana "vumilia tu". Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza: kama nimesema vema, wanipigia nini? Nikaenda kwa yule dada peke yangu kwanza, nikamwambia, "Umenisingizia, na umeniumiza." Akakana. Nikarudi na yule mama awe shahidi, kama Mathayo 18 inavyosema. Akakana tena. Basi nikawapigia wateja, nikawaomba wamwage gunia langu lolote kwenye turubai walichekeche. Wawili walirudi. Mtaji sikumpa tena, wala sitampa. Nimemsamehe, ila hela za watoto wangu sizirudishi mikononi mwake.

Wewe uliyeumizwa, usijilazimishe kujisikia upendo leo. Mwombee kwa jina, hata sentensi moja. Wiki za mwanzo niliweza kusema "Bwana, mlinde" tu, na nililia kila nilipolisema. Tena usikae ukingoja yampate. Nabali alikufa baada ya siku kama kumi hivi, nami nikajikuta nazihesabu siku za yule dada. Hilo nalo nilitubu.

Msimu wa mvua uliofuata, wingu lilishuka ghafla kutoka ziwani, dagaa wake wakiwa bado kwenye chanja na turubai lake limechanika. Mimi nilikuwa na la ziada. Nilisimama kwanza, sikukimbia kumsaidia kama mtakatifu. Kisha nikalichukua, tukafunika wote wawili, yeye upande ule, mimi upande huu, hakuna aliyesema neno.

Kesho yake alilirudisha limefuliwa na kukunjwa. Kuhusu ule mchanga hajasema kitu. Alfajiri tukikutana tunasalimiana, kila mmoja anaiendea boti yake.