Mgonjwa Anaposema "Imenisaidia": Kwa Wanaoanza Kazi ya Kutoa Dawa

Ninyi mnaoanza kazi hii mtasikia kila siku mtu akisema kwamba alitumia kitu fulani akapona. Ichukueni kauli hiyo kwa heshima, lakini msiifanye ushahidi kabla ya kujiuliza ugonjwa wenyewe huendaje usipotibiwa. Mafua ya kawaida huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10, na watu wengi hutafuta tiba hali inapokuwa imefikia kilele. Kwa hiyo chochote kitakachomezwa siku hiyo, kiwe kidonge au maji ya tangawizi, kitapewa sifa keshoye. Hiyo si athari ya plasebo, yaani nafuu inayoletwa na tiba bandia isiyo na dawa ndani yake; ni ugonjwa uliojiishia wenyewe. Daktari Mmarekani Henry Beecher naye hakuyatenganisha vya kutosha mambo hayo mawili mwaka 1955, alipoandika kwamba plasebo huwapa nafuu ya kuridhisha wagonjwa wapatao asilimia 35, na takwimu hiyo ingali inakaririwa hadi leo.

Hata hivyo, plasebo ina nguvu ya kweli, hasa katika maumivu. Mwaka 1978 watafiti Levine, Gordon na Fields waliwachunguza watu waliong'olewa meno, wakaona kwamba nafuu iliyoletwa na plasebo ilizuiwa na naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni mwilini. Inaelekea, basi, kwamba matarajio ya mgonjwa huufanya ubongo utoe vituliza maumivu vyake wenyewe, vinavyofanya kazi kama afyuni, na ndiyo sababu si haki kumwambia mtu kuwa nafuu yake ni ya kufikirika tu.

Utafiti ambao ningependa muujue vizuri kuliko mwingine wowote ni ule wa wagonjwa wa pumu uliochapishwa mwaka 2011. Kila mgonjwa alipitia, kwa nyakati tofauti, dawa halisi ya kuvuta, dawa bandia ya kuvuta, sindano za kuigiza za akupancha (tiba ya Kichina ya kuchoma sindano mwilini), na kukaa bila tiba yoyote. Kipimo cha hewa inayotolewa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza kilipanda kwa takriban asilimia 20 kwa dawa halisi, na kwa takriban asilimia 7 tu katika hali nyingine tatu. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, walieleza nafuu ya asilimia 50 kwa dawa halisi, 45 kwa dawa bandia, 46 kwa sindano za kuigiza, na 21 bila tiba. Mgonjwa aliyepewa tiba bandia anajisikia nafuu huku mirija ya hewa ikiwa bado imebana, na anaweza kuchelewa kwenda hospitali kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo jizoezeni kuuliza anavyojisikia, kisha mtazame kipimo, hasa kwa shinikizo la damu, ambalo mara nyingi halina dalili. Wala uongo hauhitajiki ili plasebo isaidie: mwaka 2010 mtafiti Ted Kaptchuk na wenzake waliwapa wagonjwa wenye tatizo sugu la utumbo vidonge vya plasebo wakiwaambia wazi kuwa havina dawa, na walipata nafuu kuliko wasiopewa kitu.

Tiba za nyumbani msizidharau bila sababu. Asali hutuliza kikohozi, ingawa haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Mtu akiwasifia tiba ya namna hiyo, msibishane naye. Muulizeni ni dawa gani ameiacha kwa ajili yake.