Acha kupiga nyeusi kwenye kivuli cha tunda

Kuna mtu juzi kanitumia picha ya maembe aliyochora, anauliza mbona yamekaa kiplastiki. Kuangalia tu nikajua, kivuli chote kapiga nyeusi. Na simlaumu, ndo tulivyofundishwa, mimi mwalimu alishaninyanyulia kazi yangu darasa zima waione kisa nimeweka bluu chini ya chungwa, "hiyo rangi umeiona wapi?", watu wakacheka, na sijasahau. Haya, picha yangu iliyonunuliwa mwezi uliopita ina bluu hiyohiyo tena imejaa.

Mimi mwalimu wangu wa kweli ni Cézanne, mchoraji Mfaransa wa mji wa Aix-en-Provence, alifariki 1906. Tafuta picha yake ya kapu la matufaha ya mwaka 1893 hivi, ipo Art Institute of Chicago, makumbusho ya sanaa kule Marekani, halafu ivute kwenye simu mpaka tufaha moja lijaze skrini. Hutaona rangi iliyolainishwa kutoka mwanga kwenda giza, utaona viraka vya brashi vimelazwa ubavu kwa ubavu, njano, halafu ya machungwa, halafu nyekundu, halafu nyekundu iliyopoa, yaani inayoelekea bluu, na pembeni mstari wa giza unaokatikakatika. Rangi za moto kama njano na nyekundu zinasogea mbele, za baridi kama bluu zinarudi nyuma, hapo ndo tunda linapata tumbo. Kitambaa cheupe nacho si cheupe, kina bluu, kina kijivu, kina kijani. Na meza sasa! Ukingo wake wa mbele, kipande cha kushoto na cha kulia cha kitambaa havikai mstari mmoja, chupa imeegemea upande kama inataka kudondoka, yule mwalimu wangu angempa sifuri.

Kwa hiyo ndugu yangu, changanya rangi zako zote za embe kabla hujagusa kanvasi, ya moto mpaka ya baridi, chukua brashi bapa, weka kiraka, toa mkono. Toa mkono! Shida yenu mnasugua, mnasugua mpaka rangi zote zinakuwa tope, halafu mnasema hamna kipaji, kumbe hamna subira, mnataka mkianza saa nne saa sita muwe mmeshaposti.

Ila kuhusu subira usimwige Cézanne mzimamzima, alikuwa anachora taratibu mpaka matunda yanamwozea mezani. Embe nunua ambalo halijaiva vizuri, na dirisha lisiwe wazi sana, nzi hawana habari na sanaa.