Kabla ya Kuwashindisha Bakteria Njaa, Jua Njaa Gani

Wengi wanaoanza huandika kwenye daftari "bakteria walinyimwa chakula" na kuishia hapo. Chakula kipi? E. coli akikosa fosfeti, protini za PhoR na PhoB ndizo hushughulika. Akikosa nitrojeni, ni NtrB na NtrC. Glukozi ikipungua, cAMP, molekuli ya ishara ndani ya seli, hupanda. Usipotaja kilichokosekana, matokeo yako hayasomeki.

Njaa ya asidi amino ndiyo nzuri kuanzia. Asidi amino ikiisha, tRNA, molekuli inayobeba asidi amino, huingia kwenye ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, mikono mitupu. Kimeng'enya RelA huitambua hali hiyo na kutengeneza ppGpp, molekuli ya ishara ya njaa, ambayo hubana uundaji wa ribosomu mpya na kufungulia jeni za kujitengenezea asidi amino. Njaa ikikoma, kimeng'enya SpoT huivunja ppGpp upesi sana. Ndiyo maana hupaswi kuzungusha seli kwenye sentrifyuji kabla ya kupima ppGpp: zikijibana chini ya neli dakika tano bila hewa, unapima mateso ya sentrifyuji. Mimina sampuli moja kwa moja kwenye asidi fomiki baridi.

Chagua aina ya E. coli kwa makini. DH5α, iliyojaa kwenye friza za maabara, ina relA1, yaani RelA yake ni mbovu tangu mwanzo. Chukua MG1655, ya ukoo wa K-12, yenye RelA nzima.

Oteshea kwenye M9, mchuzi wa chumvi usio na asidi amino, yenye glukozi asilimia 0.4, nyuzi 37, ukianza na mbegu ya usiku, yaani seli za kuanzishia, iliyooteshwa kwenye M9 hiyohiyo. Mbegu ya LB, mchuzi wenye virutubisho vingi, huja na asidi amino zake, nazo huchelewesha njaa. OD600 (wingi wa seli unaokadiriwa kwa mwanga wa nanomita 600) ikifika 0.3, weka asidi amino ya valini mikrogramu 500 kwa mililita. K-12 ina ilvG iliyoharibika, jeni ya kimeng'enya kimojawapo cha kutengeneza asidi amino ya isoleusini, kwa hiyo valini huvizuia vimeng'enya vilivyobaki vya kazi hiyo na isoleusini haitengenezwi tena. Andaa na chupa ya pili yenye valini pamoja na isoleusini kiasi hichohicho. Hiyo inatakiwa iendelee kukua. Nayo ikisimama, kasoro iko kwingine, na data ya siku hiyo usiitumie.

Kasoro inaweza pia kuwa M9 yenyewe. MgSO₄ na CaCl₂ zikipikwa kwenye otoklevu pamoja na chumvi za fosfeti, hutokea ukungu mweupe unaopandisha OD bila seli kuongezeka. Zipike peke yake, kisha zitie moja moja huku ukikoroga, M9 ikishapoa.