Niko fildi, lakini kazi yangu ni chai na kopi

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma ustawi wa jamii, mwaka wa pili. Nimepangiwa fildi ya wiki nane kwenye asasi ndogo ya watoto wa mtaani, huku Temeke. Wiki ya tatu inaisha, nachapa ripoti za mfadhili, natoa kopi na kuchemsha chai ya watoto. Afisa ustawi hakuna. Mama mwenye asasi ni mwalimu mstaafu. Wenzangu walioko halmashauri wanakaa kwenye mashauri ya matunzo ya watoto. Daftari langu la kila siku nalijaza kwa aibu. Niombe kuhamishwa? – F., Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usihame bado.

Chai isikuumize. Mwaka 1987 fildi yangu ilikuwa kituo cha watoto Dodoma, nikapewa kuosha masufuria. Kulikuwa na binti wa miaka 11, hasemi na mtu. Siku ya nne akachuchumaa kando yangu, akachota majivu, akaanza kusugua sufuria. Hakuniangalia hata mara moja. Huku anasugua akanieleza kilichomtoa kwa baba yake wa kambo. Ningemketisha ofisini mbele ya meza, asingefungua mdomo.

Wenzako wanaona mafaili mengi, mtoto wanamwona kwa dakika chache. Wewe unamwona akila na akigombana. Nani anaficha kipande cha mkate ampelekee mdogo wake? Andika hilo daftarini. Hiyo ni kazi yetu hasa.

Kukosa msimamizi mwenye taaluma ndilo jambo zito, na hilo usilinyamazie. Kesho mpigie msimamizi wako wa chuo, usingoje aje kukagua. Mwombe akuunganishe na afisa ustawi wa manispaa, ukae naye walau saa moja kila wiki umweleze ulichokiona. Kisha mwombe mama mwalimu akukabidhi watoto wawili tu uwafuatilie, pamoja na kufika kwao kama wana kwao. Ripoti za mfadhili zipangie siku zake. Nazo zina somo: pesa ikikatika, na uji unakatika.

Mtoto akikwambia anapigwa au anaingiliwa, usimwahidi siri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwambie mama mwalimu na afisa ustawi siku hiyohiyo. Dawati la jinsia na watoto polisi lipo, na simu 116 ni bure. Picha za watoto usiziweke kwenye simu yako kabisa.

Halafu waambie watoto leo kwamba umebakiza wiki tano. Wengi wao wameshaachwa bila kuagwa. Chora vijisanduku vitano ukutani, na kila Ijumaa mmoja wao akate kimoja.