Vita vya Anga vya Uingereza vya 1940: Anza na Bahari, Ndege Zitafuata

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza wa historia, nimesahihisha insha nyingi kuhusu vita hivi vya anga kati ya Uingereza na Ujerumani, na karibu zote huanza na ndege. Spitfire hivi, Messerschmitt vile, rubani fulani kaangusha ngapi. Ndege zinanoga, sikatai. Lakini swali huwa linataka sababu na matokeo, na sababu hamtaikuta angani.

Tazameni bahari. Kufikia Juni 1940 Ufaransa ilikuwa imelala chini. Tarehe 22 ikatia saini kusitisha mapigano. Wiki chache kabla ya hapo Waingereza walikuwa wamewaokoa askari wapatao 338,000 kutoka Dunkirk, huku mizinga na malori yao yakibaki nyuma. Hitler alitegemea London itaomba maongezi. Churchill akagoma. Ndipo tarehe 16 Julai likatoka agizo la kuandaa uvamizi, operesheni waliyoiita Simba wa Baharini. Kikwazo kikawa manowari: jeshi la majini la Ujerumani lilikuwa dogo mbele ya lile la Uingereza, na lilikuwa limetoka kuumizwa Norway. Askari wangevushwa kwa matishari, mengi yakiwa ya mtoni. Ili matishari yavuke, manowari za Kiingereza zizuiwe. Ili zizuiwe, anga itawaliwe na Wajerumani. Ili itawaliwe, kamandi ya ndege za mapigano ya Uingereza ivunjwe kwanza. Uandikeni mnyororo huo pembeni mwa daftari, na kila tukio mnalosoma mliulize limegusa pingili ipi.

Kuhusu tarehe, msikariri tu. Waingereza huhesabu 10 Julai hadi 31 Oktoba 1940. Wanahistoria wengi wa Kijerumani huendelea hadi Mei 1941, wakiunganisha na mashambulizi ya usiku juu ya miji. Anayechagua tarehe ya mwisho ameshachagua nusu ya hitimisho lake.

Pa kukaa muda mrefu ni kwenye mfumo wa Hugh Dowding, mkuu wa kamandi ile. Wengi huandika "Uingereza ilikuwa na rada" halafu wanapita. Wajerumani nao walikuwa na rada, tena nzuri. Tofauti ilikuwa katika kinachofanyika baada ya kuona. Vituo vya pwani vilipiga simu Bentley Priory, nje kidogo ya London. Habari zikachujwa, zikawekwa kwenye ramani kubwa mezani ambako wanawake wa jeshi la anga walisogeza alama kwa vijiti, kisha zikashuka kwa makundi ya kanda. Rubani akiwa hewani aliambiwa kwa redio aelekee wapi. Rada za pwani zilitazama baharini tu, hivyo adui akishavuka ufukwe kazi ilibaki kwa watazamaji wa ardhini wenye darubini. Kwa mpangilio huo, Keith Park, Mnyuzilandi aliyelinda kusini mashariki, hakulazimika kuchosha ndege zake kwa doria za kubahatisha. Kwangu mimi meza ile ina uzito kuliko rubani yeyote maarufu. Dowding mwenyewe aliondolewa kwenye cheo Novemba 1940, jambo ambalo bado linaniudhi.

Sasa takwimu. Tarehe 15 Septemba Waingereza walitangaza kuwa wameangusha ndege 185. Kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zinaonyesha kama 60. Si lazima mtu awe amedanganya: marubani watatu wakiifyatulia ndege moja, kila mmoja anaiona ikianguka na kila mmoja anaihesabu. Kwa hiyo hasara ya upande fulani itafuteni kwenye daftari la upande huohuo, maana ndio unaojua ndege zipi hazikurudi. Wajerumani walikosea vibaya zaidi. Idara yao ya ujasusi iliamini adui amebakiwa na ndege chache, ilhali viwanda vya Uingereza vilikuwa vikitoa ndege za mapigano nyingi kuliko vya Ujerumani. Kilichopungua Uingereza ni marubani, na hapo pia jiografia ilisaidia: Mwingereza akiruka kwa parachuti aliangukia kwao na angeweza kurudi kazini, Mjerumani aliishia kuwa mateka.

Hesabu hiyo mbovu inaeleza uamuzi wa 7 Septemba wa kuhamishia mabomu London. Mtasoma kwamba Hitler alikasirika baada ya Berlin kupigwa usiku wa 25 Agosti. Hasira ilikuwepo, lakini msiishie hapo. Kesselring, mmoja wa makamanda wa jeshi la anga la Ujerumani, aliamini London ndiyo itakayozitoa ndege za mwisho za adui zije zimalizwe. Mwenzake Sperrle alitaka viwanja vya ndege viendelee kupigwa. Walioshambulia London walisindikizwa na ndege za mapigano za Messerschmitt 109 ambazo mafuta yake yaliruhusu dakika kama kumi tu juu ya jiji, na viwanja vya Park vikapata nafasi ya kupumua.

Tarehe 17 Septemba Hitler aliahirisha uvamizi bila kutaja siku nyingine. Kwa kipimo cha lengo lake, kampeni ilishindwa. Ila msiandike kwamba Uingereza ikawa salama: mabomu ya usiku yaliendelea hadi Mei 1941 na raia zaidi ya 40,000 waliuawa. Juni mwaka huohuo Ujerumani iliivamia Urusi huku Uingereza ikiwa bado haijatolewa vitani. Wapo pia wanaosema manowari zingeuzima uvamizi hata kama anga ingepotea. Ni hoja nzito, jibuni kwa ushahidi.

La mwisho ni hao wanaoitwa "wachache", yaani marubani na wenzao wa ndegeni waliopigana upande wa Uingereza. Walikuwa karibu 3,000, na 544 walikufa katika miezi hiyo. Takriban mmoja kati ya watano hakutoka Uingereza. Wapolandi peke yao walikuwa 145. Kikosi chao cha 303 kiliingia vitani Agosti ikiisha, na kikamaliza na idadi kubwa ya ndege zilizoangushwa kuliko kikosi chochote kilichorusha Hurricane, ndege ya mapigano ya Kiingereza. Idadi ya madai, lakini. Kailinganisheni na daftari za Wajerumani kabla hamjaiweka kwenye insha.