Kujua picha inaharibikia wapi

Umeuliza kwa nini picha zako za rangi ya mafuta huanza vizuri kisha zikaishia kuwa tope, na utatambuaje ulipokosea. Jibu limo kwenye hatua ulizokwisha kuzifunika kwa rangi mpya, kwa hiyo zihifadhi: ipige picha turubai (kitambaa unachochorea) kwa simu kila baada ya dakika 20, kutoka mahali palepale, kwenye mwanga uleule. Ukizipanga picha hizo za simu baadaye utaona moja ambayo kazi bado ina uhai, na inayofuata imeshapooza. Chunguza hapo katikati.

Mara nyingi kosa ni brashi chafu. Rangi ya chungwa ikiguswa na mabaki ya buluu hugeuka kahawia iliyofifia, maana rangi hizo mbili huuana. Tenga brashi moja kwa rangi za joto (kama nyekundu na chungwa) na nyingine kwa zile za baridi (kama buluu), uzifute kwa kitambaa kila baada ya mipako miwili mitatu. Kosa lingine ni kusuguasugua rangi mbichi. Paka, inua mkono, acha! Sehemu isipokuridhisha, ikwangue kwa kisu cha rangi badala ya kuongeza nyingine juu yake.

Kabla ya kusema imekwisha, itazame kwenye kioo, kisha igeuze ile picha ya simu iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kila kitu kimekuwa kijivu kimoja, basi tatizo ni tofauti ya mwanga na giza, na kubadilisha rangi hakutakusaidia. Iegemeze turubai ikitazama ukuta siku 3 ndipo uamue.