Maswali na Majibu: Kura ya Shikuku, kura ya sauti na orodha za WhatsApp

Tangu nimtaje Martin Shikuku, mbunge wa zamani wa Butere, katika safu hii, simu yangu haijalala. Wengine wananishukuru, wengine wananitukana, na wengi wanauliza mambo ambayo babu zao wangeweza kuwajibu wakiwa wamelala. Nimechagua machache. Aliyeuliza bei ya mbolea Kakamega amekosea mlango.

Shikuku alikuwa mbunge wa Butere kwa miaka 30 mfululizo, sivyo? (Msomaji, Khwisero)

Sivyo. Aliingia 1963, akatolewa 1975 kwa kuwekwa kizuizini. Akarudi 1979, akakaa hadi 1988. Akarudi tena 1992, akamaliza 1997. Ukijumlisha ni kama miaka 26, yenye mashimo mawili katikati. Shimo la kwanza lilichimbwa na serikali. La pili lilikuja mwaka wa mlolongo, yaani kura ya kupanga mstari, na waliosimama nyuma ya picha za wagombea 1988 wanajua jinsi mstari mfupi ulivyoweza kutangazwa kuwa mrefu.

Mwaka 1997 aliwania urais kwa tiketi ya FORD-Asili akapata chini ya asilimia moja, na siku hiyo hiyo kiti cha Butere kikaenda kwa Amukowa Anangwe wa KANU. Sheria ya wakati ule ilimtaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa, ndiyo maana jina lake lilikuwa kwenye karatasi mbili. Alikosa zote.

Ni siku gani hasa Shikuku alisema Bunge limekufa? (Kijana, Mumias)

Mara ya nne mwaka huu! Hakusema Bunge limekufa. Nitaeleza mara hii, na anayeuliza tena nitamtoza soda.

Tarehe 9 Oktoba 1975, Shikuku alisema bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Marehemu katika sentensi hiyo ni KANU, chama tawala, chama chake mwenyewe. Upande wa serikali ukasimama kwa hasira kumtaka athibitishe. Aliyekalia kiti cha Spika siku hiyo alikuwa Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet. Akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Baada ya siku sita, tarehe 15, polisi waliingia majengo ya Bunge wakawachukua wote wawili. Hakuna kesi iliyosomwa. Waliachiliwa Desemba 1978, Kenyatta akiwa amekwisha kufariki tarehe 22 Agosti mwaka huo. Shikuku mwenyewe alifariki tarehe 22 Agosti 2012. Kalenda nayo ina mzaha wake.

Msimsahau Seroney. Huku kwetu magharibi tunamtaja Shikuku kwa sababu ni wetu, tunamwacha Mnandi wa Tinderet nje ya hadithi, na ni yeye aliyetamka maneno yaliyowapeleka kizuizini. Shikuku angeweza kujitetea kwamba alikuwa akichangia hoja tu. Seroney alikuwa ametoa uamuzi wa kiti.

Nataka orodha ya kura zote alizopiga Shikuku, ndio ngapi na hapana ngapi, nimlinganishe na mbunge wangu wa sasa. (Mwalimu, Lurambi)

Mwalimu, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, ila orodha hiyo haipo, wala ya mbunge wako haipo.

Bunge letu huamua mambo mengi kwa sauti. Spika anauliza wanaoafiki waseme Ndio, wanaopinga waseme La, kisha anaamua ni kelele ipi iliyozidi. Kura inahesabiwa wabunge wa kutosha wakisimama kuidai, au Katiba ikilazimisha idadi fulani. Nje ya hapo, mheshimiwa anaweza kukaa vipindi vitano bila kuacha alama ya unyayo. Alisema Ndio? Alisema La? Alikuwa akipiga miayo? Hansadi, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge, itakuambia hoja ilikubaliwa, basi.

Nilijifunza hila hii mbali na Bunge, katika chama kimoja cha akiba nilichokuwa mwanachama zamani. Mkutano wa mwaka, ukumbi wa kanisa, kila mtu na soda na mandazi mawili mkononi. Mwenyekiti akasoma pendekezo la kujiongezea kiwango cha mkopo, akauliza: wanaokubali? Vijana waliokuwa mlangoni wakapaaza sauti, midomo ikiwa na mandazi. Wanaokataa? Sauti chache. “Naona Ndio wameshinda,” akasema, tayari akifungua ukurasa wa pili. Mama mmoja aliyekaa nyuma, mtoto mgongoni, akasema bila kusimama: “Mwenyekiti, tuhesabu mikono.” Ukumbi ukanyamaza. Mikono ikahesabiwa: 19 walikubali, 23 wakakataa. Nilimtazama mwenyekiti akiifuta miwani yake kwa tai kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo ukitaka kumpima mbunge, zitafute siku ambazo mikono ilihesabiwa. Na hapo, Mwalimu, usianze na Shikuku. Anza na Masinde Muliro.

Mwaka huo huo wa 1975, mwezi Machi, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa na mwili wake ukatupwa Ngong. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale wa Bungoma. Ripoti ilipofika mezani mwezi Juni, serikali ilitaka Bunge liitambue tu, yaani liseme “tumeiona” na kuiweka kabatini. Wabunge wa viti vya nyuma walitaka ikubaliwe. Kura zikahesabiwa: 62 kwa 59. Serikali ya Kenyatta ikashindwa kwa kura tatu.

Muliro alikuwa Waziri wa Ujenzi. Alikuwa bungeni tangu Baraza la Kutunga Sheria la 1957, kabla ya bendera ya Uhuru, na alijua vizuri kwamba waziri hapigi kura dhidi ya serikali anayoitumikia. Alipiga. Pamoja naye walikuwa mawaziri wasaidizi wawili: Peter Kibisu wa Vihiga na John Keen wa Kajiado. Wote watatu wakafutwa kazi. Piga hesabu hii: kura tatu zile zingehamia upande wa pili, serikali ingeshinda 62 kwa 59. Watu wawili kati ya hao watatu walitoka huku kwetu magharibi, na sijaona hata kituo cha matatu kilichopewa jina la Kibisu.

Sasa mlinganishe na mbunge wako. Tangu Katiba ya 2010 mawaziri si wabunge tena, kwa hiyo mheshimiwa hana bendera ya gari ya kupoteza. Anachoweza kupoteza ni kiti cha kamati, kiranja wa chama akikasirika. Muliro alipoteza wizara. Huyu wetu anaogopa kupoteza kikao cha chai na marupurupu yake, halafu anatuambia tumwelewe.

Nimetumiwa orodha ya waliopiga kura ya Ndio kwa Mswada wa Fedha 2024. Jina la mbunge wetu wa siku nyingi halimo. Ni safi? (Msomaji, Kondele, Kisumu)

Orodha umetumiwa na nani? Na ni ya siku gani? Kulikuwa na kura mbili kubwa. Tarehe 20 Juni 2024, mswada uliposomwa mara ya pili, 204 waliunga mkono na 115 wakapinga. Tarehe 25 Juni, siku vijana walipoingia Bungeni na damu ikamwagika barabarani, 195 waliunga mkono na 106 wakapinga. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Orodha nyingi zinazozunguka WhatsApp zinachanganya siku hizo mbili, na nimeona moja yenye jina la mbunge aliyeshindwa 2022.

Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila Spika. Toa 195, toa 106. Hata ukiondoa kura zilizoharibika, zaidi ya 40 hawako upande wowote. Hao ndio ninaowaonya ninyi juu yao kuliko waliosema Ndio. Aliyesema Ndio angalau unajua utamuuliza nini akija matangani. Aliyekuwa “safarini” siku hiyo atakuja 2027 amevaa nguo za pande zote mbili, nanyi wa Kondele, mliopumua moshi wa vitoa machozi, mtampigia makofi.

Jina lake kutokuwa kwenye Ndio si usafi. Litafute kwenye La. Ukilikosa na huko, umepata jibu lako.

Shikuku alileta nini Butere? Mbunge wangu ametoa basari kwa watoto 600. (Bila jina)

Hakutoa basari za CDF, mfuko wa maendeleo wa kila jimbo la ubunge, kwa sababu CDF ilianza 2003, miaka sita baada ya yeye kutoka bungeni. Na basari hizo, ndugu yangu, si za mbunge wako. Ni kodi yako: ulilipa uliponunua unga, ikaenda Nairobi, ikarudi ikiwa na picha yake juu ya hundi. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya 2015 ya NG-CDF, yaani mfuko huo kwa jina lake jipya, inakiuka Katiba, kwa sababu mtunga sheria hawezi pia kuwa mgawaji wa pesa anazopaswa kuzichunguza. Kelele zilizopigwa na waheshimiwa wiki hiyo, laiti wangezipiga kwa bei ya miwa.

Nakubali jambo moja ili nisionekane nimelewa sifa za wazee. Kuna watu wa Butere wa umri wangu wanaosema Shikuku alikuwa mlinzi wa wananchi wa Kenya nzima, jina alilojipa mwenyewe, akasahau mlango wa nyumbani. Nimeyasikia hayo zaidi ya mara moja kituoni Butere, pale reli ya kutoka Kisumu inapoishia. Wana haki ya kulalamika. Barabara mbovu ni barabara mbovu hata mbunge akiwa shujaa.

Tunaweza kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya 2027? (Msomaji, Webuye)

Kifungu cha 104 cha Katiba kinasema ndiyo. Sheria ya Uchaguzi iliyotungwa na wabunge hao hao ikaweka vizingiti, na 2017 Mahakama Kuu ikavifuta kadhaa kwa kuwa vilifanya haki hiyo isitumike. Tangu 2010 hakuna mbunge hata mmoja aliyerudishwa kwa njia hiyo. Tunza nguvu zako.

Mbunge akikosa vikao je? (Huyo huyo)

Vikao vinane katika kipindi kimoja cha Bunge bila ruhusa ya maandishi ya Spika wala sababu ya kuridhisha, kiti kinaondoka. Kifungu cha 103. Kumbuka kwamba kusaini na kutoka kwa mlango wa pili hakuhesabiwi kuwa kukosa.

Nakuru hatukuwa na mtu miaka hiyo? (Msomaji, Bondeni)

Mark Mwithaga, mbunge wa Nakuru Town. Alikuwa kwenye kamati ile ya J.M., akaishia jela muda si mrefu baadaye. Waulize wazee wa hapo Bondeni, wewe ndiye uko karibu nao.

Kila wiki wanaume tu. Kwani hakukuwa na wanawake? (Mama, Nyalenda)

Mama, umenishika. Grace Onyango. Meya wa Kisumu 1965, mbunge wa Kisumu Town 1969, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kenya huru. Alichaguliwa tena 1974 na 1979. Alifariki Machi 2023. Alikuwa bungeni humo humo katika mwaka huo wa 1975 ninaoupigia kelele tangu juu, na nimefika swali la mwisho kasoro moja bila kumtaja. Safu ijayo ni yake.

Hizo Hansadi unazotuhimiza tusome ziko wapi? Au ni za wasomi tu? (Boda boda, Mbale)

Za sasa ziko kwenye tovuti ya Bunge, bure. Nyingi za zamani ziko kwenye Google Books, nazo bure, ingawa kurasa nyingine zimepindwa na mkono wa aliyekuwa akizipiga picha unaonekana. Bando la shilingi 20 linatosha. Anza na Juni 1975, ripoti ya J.M., kisha Oktoba 9. Ukimaliza nitumie ujumbe, lakini usiniulize kama Bunge lilikufa.